Nyanya cheri mpya au iliyozoeleka? Zipandwe bega kwa bega

Kila msimu hutoka pakiti mpya za mbegu za nyanya cheri zenye ahadi zilezile: tamu kupita zote, zinazaa kupita kiasi, hazipasuki, hazijui ugonjwa. Picha ya pakiti haiwezi kukuambia lipi ni kweli. Wengi wetu hununua, tukaipanda aina mpya peke yake, na mwisho wa msimu tunabaki hatujui kama tulichokula ni ubora wa mbegu au ni jua la mwaka huo lililokuwa zuri. Mwenye bustani ya kutosha miche sita hana nafasi ya kupoteza namna hiyo.

All-America Selections, shirika la Marekani lililoanzishwa mwaka 1932 kwa ajili ya kupima mbegu mpya, haliipi aina mpya alama ikiwa imesimama peke yake. Waamuzi huipanda kando ya aina inayofanana nayo ambayo tayari iko sokoni, kisha hujibu swali moja: je, hii inaishinda ile? Swali hilo linatosha hata kwa bustani ya nyuma ya nyumba. Hapa chini nimezilinganisha aina kadhaa kwa kulifuata, na ninakuonya mapema kwamba sizitendei sawa, kwa sababu zenyewe haziko sawa.

Sungold, aina ya kupimia nyingine

Kwa utamu, mpinzani wa kwanza wa kila cheri mpya ni Sungold. Ni chotara ya kampuni ya Tokita ya Japani, iliyoingia sokoni mwanzoni mwa miaka ya 1990, rangi yake ya chungwa, matunda madogo yanayoning'inia kwenye vishada virefu. Utamu wa nyanya hupimwa kwa kipimo cha Brix. Nyanya kubwa za kawaida huwa kati ya 4 na 6, cheri nzuri huanzia 7 na kufika 10, na Sungold iliyopata jua la kutosha hukaa juu kabisa ya kiwango hicho. Ila si sukari tupu. Kuna uchachu kidogo nyuma yake na harufu ya matunda ambayo cheri nyekundu nyingi hazina. Ndiyo maana nyanya nyingi zilizotangazwa kuwa "tamu zaidi" zimekuja na kupita, na yenyewe bado ipo.

Udhaifu wake anaujua kila aliyewahi kuipanda: ngozi nyembamba. Mmea uliokaa na kiu kwa siku kadhaa ukipata mvua kubwa, mizizi hupandisha maji kwa kasi, nyama ya tunda hutanuka, na ngozi ambayo imeshakomaa haivutiki tena. Asubuhi unakuta mipasuko imeanzia kwenye kikonyo na kushuka chini. Jioni sisimizi na nzi wameshafika. Matandazo mazito na kumwagilia kwa kipimo kisichobadilikabadilika hupunguza tatizo, hayalimalizi. Wanaoizoea huchuma kabla wingu halijamwaga, hata kama rangi bado ni ya njano. Zitaiva ndani ya nyumba, ingawa hazitafikia utamu wa zilizoivia mtini.

Hata uchumaji wake una namna yake. Ukilivuta tunda lililoiva, ngozi huchanika pale linapoachana na kikonyo. Kiangalie kikonyo chenyewe: katikati yake kuna kifundo kilichovimba kidogo. Weka kidole gumba juu ya kifundo, kikunje kuelekea nyuma, na tunda litakatika likiwa na kofia yake ya kijani, ngozi nzima. Lililochumwa hivyo linavumilia siku kadhaa kwenye bakuli. Lililochanika liliwe palepale, na kusema kweli hiyo si adhabu.

Kwa hiyo aina mpya inapokuja na sifa ya utamu, iulizwe mara moja swali la pili: inapasuka kiasi gani? Nyanya yenye Brix 8 isiyopasuka inaweza kukulisha zaidi kuliko yenye 10 ambayo robo yake inaishia kwenye lundo la mboji.

Ikiwa adui wako ni unyevu

Mahali penye mvua nyingi na baridi ya usiku, kinachoamua si utamu hata kidogo. Ni bakajani chelewa, ugonjwa unaoletwa na Phytophthora infestans, kimelea kilekile kilichofyeka viazi vya Ireland katika miaka ya 1840. Majani hupata mabaka ya rangi ya maji machafu, upande wa chini huota utando mweupe asubuhi zenye umande, shina huwa jeusi, na ndani ya siku chache mmea mzima unaonekana kama umemwagiwa maji ya moto. Sungold haina kinga yoyote ya maana dhidi ya hili.

Mountain Magic inayo. Ni chotara iliyozalishwa Chuo Kikuu cha Jimbo la North Carolina, na imebeba jeni mbili za kinga, Ph-2 na Ph-3, moja ikisaidia pale nyingine inapozidiwa. Zaidi ya hayo inavumilia bakajani mapema na ngozi yake haipasuki kirahisi. Gharama yake ni nini? Tunda ni kubwa kuliko cheri hasa, gramu 50 hadi 60, si la kutupia mdomoni zima. Utamu ni mzuri, haufikii ule wa Sungold. Mtu anayepoteza mimea yake kila masika hapaswi kusumbuka na tofauti hiyo, maana nyanya tamu kupita zote iliyokufa kabla ya kuiva haina Brix.

Kuna njia nyingine ya zamani zaidi: Matt's Wild Cherry, nyanya ya porini kutoka jimbo la Hidalgo, Mexico. Inastahimili bakajani vizuri na ladha yake ni kali na nzito. Lakini matunda ni madogo mno na laini, kujaza bakuli moja ni kazi ya subira, na mmea hutawanyika hadi ukapoteza njia ya kupita. Ningeipanda ukingoni mwa bustani na kuwaachia watoto.

Kwenye pakiti, soma zile herufi ndogo zinazofuata jina. V ni mnyauko wa Verticillium, F ni mnyauko wa Fusarium, N ni minyoo fundo, T ni virusi vya batobato. F1 haimo katika orodha hiyo. Yenyewe inasema tu kwamba mbegu ni chotara wa kizazi cha kwanza, na haiahidi kinga ya kitu chochote. Watu wengi hununua F1 wakidhani wamenunua kinga. Halafu kuna ToBRFV, virusi vilivyotambuliwa Israel na Jordan katikati ya miaka ya 2010, ambavyo huipita kinga ya zamani ya batobato na husafiri ndani ya mbegu na kwenye mikono. Baadhi ya aina mpya kabisa zinauzwa kwa sababu ya kinga dhidi ya ToBRFV tu. Kwa bustani ya nyumbani, kunawa mikono kabla ya kupogoa na kutopokea mbegu ovyo kunasaidia vilevile. Dhidi ya kantangaze, nondo ambaye viwavi wake hutoboa majani na matunda ya nyanya, hakuna hata moja kati ya aina ninazozitaja hapa iliyozalishwa kuzuia. Hapo ni mitego, wavu na kuondoa majani yaliyoshambuliwa.

Nyeusi tatu zisizofanana

Rangi ya giza ndiyo inayouza sana siku hizi, na ndipo wanunuzi wanapochanganywa zaidi, kwa sababu kuna weusi wa namna tatu.

Wa kwanza ni wa Black Cherry, aina isiyo chotara iliyotokea Florida. Weusi wake ni wa kahawia: tunda linapoiva linaendelea kushikilia sehemu ya ukijani wake wakati wekundu unaingia, na viwili hivyo vikikutana hutoa rangi ya mvinyo. Mabega ya tunda hubaki na kivuli cha kijani hata likiwa limeiva. Ladha ni ya kina, haina ile sukari ya mbele ya Sungold, ina kitu kinachokaribia moshi. Inapasuka pia, ingawa si kwa ukaidi uleule. Kwangu mimi hii ndiyo inayoleta mabishano halisi mezani, kwa kuwa anayependa utamu ataichagua Sungold na anayependa ladha ataichagua hii, na wote wako sahihi.

Wa pili ni zambarau ya ngozi. Chuo Kikuu cha Jimbo la Oregon kiliichanganya nyanya ya kawaida na jamaa zake wa porini, na mwaka 2012 kikatoa Indigo Rose. Cheri za ukoo huo zimefuata, mojawapo Midnight Snack, iliyopata tuzo ya All-America Selections mwaka 2017. Zambarau hujitokeza pale tu jua linapoligusa tunda. Inua jani la kofia na chini yake utaona nyota ya rangi nyepesi, kwa kuwa mwanga haukufika. Tatizo lake kwa anayeanza ni kujua lini imeiva: tunda ni jeusi tangu likiwa changa na chungu. Ligeuze utazame kitako. Kikiwa kijani, liache. Kikishakuwa chekundu na tunda likibonyea kidogo, chuma. Wengi wanaosema aina hizi hazina ladha walizichuma mapema. Hata zikiiva sawasawa, lakini, sijaona sababu ya kuziweka mbele ya Black Cherry isipokuwa urembo wa sahani.

Wa tatu ni zambarau hadi ndani ya nyama. Mwaka 2008 watafiti wa John Innes Centre nchini Uingereza, wakiongozwa na Cathie Martin, walieleza nyanya iliyopewa jeni mbili kutoka ua la snapdragon ili itengeneze rangi hiyo kwenye tunda zima. Wizara ya Kilimo ya Marekani iliiruhusu mwaka 2022, na mwaka 2024 mbegu zikaanza kuuzwa kwa wakulima wa bustani za nyumbani huko, tunda likiwa la ukubwa wa cheri. Hii ni mbegu iliyobadilishwa vinasaba, na nchi nyingi haziruhusu mbegu kama hiyo kuingia bila kibali. Kwa hiyo swali la kwanza si ladha, ni sheria ya mahali ulipo. Na usiipande karibu na aina unayotaka kuitunzia mbegu.

Palipobana

Karibu aina zote nilizotaja hadi sasa ni ndefu: hazikomi kukua, zinafika mita 2 na kuendelea, zinataka nguzo imara, kamba, na mtu wa kuondoa maotea kila wiki. Kwenye ndoo zitaishi ikiwa ndoo ni ya lita 20 au zaidi na huna uvivu wa kumwagilia. Chini ya hapo unautesa mmea bure.

Tiny Tim ni jibu la siku nyingi. Ilitolewa na Chuo Kikuu cha New Hampshire mwaka 1945, urefu wake ni sentimita 30 hadi 45, inatosha kwenye chungu cha dirishani na haihitaji kupogolewa. Ladha ni ya kawaida tu. Kwa hiyo aina mpya ya kibeti, na zinatoka nyingi, haistahili kulinganishwa na Sungold. Ilinganishwe na Tiny Tim, na hapo kizingiti si kirefu.

| Aina | Mbegu | Mmea | Ichague kwa | Iache kwa |
|---|---|---|---|---|
| Sungold | chotara | mrefu | utamu na harufu | kupasuka |
| Mountain Magic | chotara | mrefu | bakajani, ngozi imara | tunda kubwa kidogo |
| Black Cherry | huzaa kama mama | mrefu | ladha nzito, kutunza mbegu | hupasuka kiasi |
| Gardener's Delight | huzaa kama mama | mrefu | kutunza mbegu | ukubwa hutegemea muuzaji |
| Matt's Wild Cherry | huzaa kama mama | hutawanyika | ustahimilivu | matunda madogo, laini |
| Midnight Snack | chotara | mrefu | rangi | uivaji hujificha |
| Tiny Tim | huzaa kama mama | kibeti | chungu kidogo | ladha ya kawaida |

Shindano lenyewe

Aina mbili zinatosha. Ukipanda tano utapata picha nzuri na hutapata jibu. Sia mbegu zote siku moja, trei moja, udongo mmoja. Kwenye tuta pandikiza angalau miche mitatu ya kila aina, na uipishanishe: mpya, ya zamani, mpya, ya zamani. Ukiweka mpya zote upande wa ukuta na za zamani upande wa wazi, utakuwa unapima ukuta. Andika vibao kwa penseli, kwa maana wino wa kalamu nyingi hufutwa na jua kabla nyanya ya kwanza haijaiva.

Pogoa kwa namna moja. Mche wa shina moja utaiva mapema na kutoa matunda makubwa kidogo. Wa mashina mawili utachelewa na kuzaa zaidi. Ukichanganya mitindo hiyo, ulinganisho umeharibika. Samadi nayo iwe sawa na isizidi, kwa kuwa naitrojeni nyingi hujenga majani na kuchelewesha maua. Joto likipanda juu ya nyuzi 32 mchana na usiku usiposhuka chini ya 24, maua yatadondoka bila kushika. Hapo usikimbilie kuilaumu aina mpya kabla hujatazama jirani yake: zikidondosha zote mbili ni hewa, ikidondosha moja ni mbegu.

Mizani ya jikoni inasema mengi kuliko kumbukumbu. Kila uchumapo, pima mafungu mawili ya kila aina, matunda mazima peke yake na yaliyopasuka au kuoza peke yake. Andika pia siku lilipoiva tunda la kwanza na siku mmea ulipoacha kuzaa, kwani kuna aina zinazokuja kwa kishindo wiki tatu na kuzimika.

Kuonja kuna hila zake. Usionjeshe siku inayofuata mvua, maji huzimua kila kitu. Usihukumu kwa kishada cha kwanza. Chuma aina zote asubuhi ileile, zikiwa na ulaini uleule zikiguswa, kata nusu, weka kwenye visahani vyenye namba badala ya majina. Wanaoonja wafumbe macho. Hili si mchezo: rangi ya chungwa humwambia mtu "tamu" kabla ulimi haujasema, na nyeusi humwambia "ladha ya pekee". Nimesikia watu wakiisifu nyeusi kwa maneno matamu, kisha wakiwa wamefumba macho wakaichagua nyekundu ya kawaida.

Mbegu za msimu ujao

Hapa chotara wote, wapya kwa wa zamani, wana hasara moja. Mbegu ukizitoa kwenye Sungold na kuzipanda, watoto watatawanyika: mwingine mtamu, mwingine maji matupu, mwingine wa rangi tofauti. Kila msimu utarudi kununua. Black Cherry, Tiny Tim na Gardener's Delight huzaa kama mama yao, kwa kuwa ua la nyanya kwa kawaida hujichavusha lenyewe. Gardener's Delight ni nyanya ya Kijerumani, kwao huitwa Gartenfreude, na imetunzwa na mikono mingi kiasi kwamba mbegu za muuzaji huyu hutoa cheri na za yule hutoa tunda lililokaribia nyanya ya kawaida. Ukipata chanzo kizuri, usikiache: toa mbegu mwenyewe. Zikamulie kwenye gilasi na maji yake, ziache siku mbili au tatu hadi utando utokee juu na harufu ianze kukera, suuza, anika kwenye sahani. Karatasi hushika mbegu na utazing'oa kwa kucha. Zikikauka vizuri na kukaa mahali pakavu pasipo joto, zitaota hata baada ya miaka minne.

Aina mpya nyingi zina haki za mzalishaji, hivyo soma masharti kabla ya kugawa au kuuza mbegu. Sunviva, nyanya ndogo ya njano iliyotolewa Ujerumani mwaka 2017, imeenda njia nyingine kabisa: leseni yake inamruhusu yeyote kuipanda, kuizalisha na kuigawa, mradi asiifungie kwa hataza, yenyewe wala vizazi vyake. Anayependa kuchezea mbegu kwa miaka ataipenda kwa sababu hiyo, hata ikiwa kwa utamu itashindwa.

Ukiniuliza jozi za kupanda: anayepoteza mimea kwa bakajani aweke mpya yake kando ya Mountain Magic. Anayewinda utamu aiweke kando ya Sungold na ahesabu zilizopasuka. Anayetaka mbegu zake mwenyewe aishindanishe na Black Cherry, na mpya yenyewe isiwe chotara, la sivyo ushindi wake utaishia msimu mmoja. Wa chungu cha dirishani, Tiny Tim. Na aliye na nafasi ya mche mmoja tu asijaribu chochote kipya mwaka huu. Apande anayoijua, na hiyo mpya akaionje kwa jirani.